Ruzuku ya Kikundi Isipitie kwa Laini ya Mweka Hazina

Mwaka jana mteja mmoja alipigia simu dawati letu la huduma akiwa na ombi ambalo hatukuwa tumelisikia mbeleni. Yeye ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama na vijana: kuna wanaouza mboga, kuna mafundi wa cherehani, kuna wanaokaanga samaki jioni. Kikundi chao huwakopesha wanachama pesa ndogo za kuongeza mtaji, na huwafundisha wenzao wapya kuweka hesabu. Kazi nzuri. Mfadhili mmoja aliisikia, akaja, akaona vibanda kwa macho yake, akawaambia wako karibu kupata ruzuku. Kilichobaki ni karatasi, na mojawapo ilikuwa taarifa ya miamala ya miezi 12.

"Kijana wangu," mama akasema, "nitumie hiyo stetimenti, lakini unitolee zile za nyumbani. Wacha za kikundi pekee."

"Mama, hatuwezi kutoa hata mstari mmoja."

Kimya kidogo. "Sasa hao watu wataona hadi tokeni za stima?"

Wangeona. Tokeni za stima, karo, gesi, nauli ya mtoto kurudi shule, mkopo wa dharura wa Jumapili usiku, na katikati ya hayo yote, michango ya wanachama 23. Hakuna aliyemshuku mama huyo wizi. Wanachama wanamjua, daftari lake liko safi, na hesabu ya mwisho wa mwaka ilikubali. Lakini mtu anayesoma taarifa hiyo akiwa ofisini Nairobi, au ng'ambo, hawezi kujua ile 3,000 iliyotoka tarehe 14 ilikuwa mkopo wa mwanachama au ni shopping ya nyumbani. Awamu hiyo ya ruzuku ikawapita.

Tumeamua kuandika makala haya kwa sababu yake, na kwa sababu wateja wengi wetu ni vyama, vikundi vya kijamii na mashirika madogo yanayosaidia wafanyabiashara wadogo, na wengi wao wanaota hiyo ruzuku. Hatutoi ruzuku sisi. Lakini pesa hizo hupitia kwetu zikienda, na tunaona mahali zinapokwama.

Kwanza, ruzuku ni nini hasa?

Ni pesa ambazo huzirudishi, mradi zifanye kazi mliyokubaliana. Hapo ndipo inapoachana na Hazina ya Hustler au ile ya Uwezo, ambazo ni mikopo hata kama masharti yake ni nafuu. Lakini isikudanganye neno "huzirudishi". Ukishindwa kuonyesha zilikoenda, mfadhili ana haki ya kuzidai, na mikataba mingi imeandika hivyo waziwazi. Usomeni wote kabla ya kutia sahihi, si ukurasa wa mwisho tu.

Jambo jingine linalochanganya watu ni kwamba mfadhili mkubwa mara nyingi hampi mama mboga moja kwa moja. Anapea shirika, na shirika ndilo linalomfikia mama mboga kwa mafunzo, kwa mshauri wa kumtembelea, au kwa pesa taslimu za mtaji. Kwa hivyo kuna safari mbili. Ya kwanza ni kutoka kwa mfadhili hadi kwa shirika, na ya pili kutoka kwa shirika hadi mfukoni mwa mfanyabiashara. Safari ya kwanza huwa na wakili, mkaguzi wa hesabu na barua tano. Ya pili, ambayo ndiyo yenyewe hasa, mara nyingi huachiwa mtu mmoja na simu yake.

Wanaofanya safari hiyo ya pili vizuri wapo hapa hapa. BOMA, shirika lililoanzia kaskazini mwa Kenya, limefanya kazi kwa miaka mingi na wanawake wa Marsabit na Samburu. Wanawake watatu wanafungua biashara moja pamoja, pengine kiduka cha sukari, majani ya chai na unga, au biashara ya mbuzi. Wanapewa mtaji wa kuanzia ambao si mkopo, wanapata mshauri wa kuwafuata kijijini, na baadaye wanapata pesa za awamu ya pili. Village Enterprise, lililoanzishwa mwaka 1987 na linalofanya kazi Kenya na Uganda, lina mtindo unaofanana: watu watatu, biashara moja, mafunzo, mtaji, mshauri, na vikundi vya akiba vya kuwashika mkono pesa za ruzuku zikiisha.

Tazama ile namba tatu. Mmoja akiugua au akisafiri, duka halifungwi. Watatu pia ni mashahidi wa kila mmoja, na kuficha pesa mbele ya watu wawili wanaokula nawe kwa sufuria moja si rahisi. Tazama pia ile kugawa pesa kwa awamu. Ni njia ya kuangalia kama biashara bado ipo kabla ya kuongeza, na mfanyabiashara anajua kuna kitu mbele, kwa hivyo halali.

Village Enterprise ilienda mbali zaidi mwaka 2017. Iliingia mpango ambapo wawekezaji walitanguliza pesa za kazi, na wafadhili, serikali za Marekani na Uingereza zikiwemo, wakaahidi kulipa kulingana na matokeo. Wapimaji huru walilinganisha familia zilizoingia kwenye mpango na zile ambazo hazikuingia, wakaangalia matumizi ya nyumbani na mali. Sisemi kikundi chako kitaulizwa mambo makubwa kama hayo. Lakini upepo unavuma upande huo. Zamani mfadhili aliuliza, "Mlifundisha watu wangapi?" Siku hizi anauliza, "Na biashara zao zikoje sasa?" Mwenye rekodi za mauzo za mwaka mzima ana la kujibu.

Karatasi, kwa ufupi

Kabla ya pesa, mfadhili anataka kujua nyinyi ni nani kisheria. Kikundi cha kijamii husajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022, katika ofisi ya maendeleo ya jamii iliyo karibu nanyi, na kinahitaji wanachama wasiopungua kumi. Shirika lisilo la kiserikali liko chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma. Hiyo ilipitishwa mwaka 2013 ikakaa kabatini zaidi ya miaka kumi, hadi ilipoanza kutumika tarehe 14 Mei 2024 na kuchukua nafasi ya ile sheria ya 1990. Kama cheti chenu ni cha zamani, msingoje mfadhili aulize. Nendeni mkajue hali yenu. Angalieni pia tarehe ya mwisho kwenye cheti cha kikundi. Ongeza PIN ya KRA ya kikundi, katiba, na akaunti ya benki yenye jina la kikundi, maana wafadhili wengi, hasa wa nje, hutuma huko kwanza.

Jina liwe moja kila mahali. Inaonekana kitu kidogo. Cheti kinasema hivi, benki inasema vile, kwenye till limekatwa neno moja, na mkaguzi anakuta majina matatu ya kitu kimoja. Hapo utaandika barua hadi uchoke.

Laini yenyewe

Sasa tufike kwetu. Kikundi kiwe na laini yake au nambari yake ya till, iliyosajiliwa kwa jina la kikundi kwa kutumia cheti na vitambulisho vya maafisa. Usitumie laini ya mweka hazina, wala laini ya pili ya mwenyekiti ambayo "haitumii sana". Ukishafungua, pesa zote za kikundi zipite hapo, hata ile mia mbili ya faini ya kuchelewa mkutano. Miezi 12 baadaye mtakuwa na historia ambayo hamna haja ya kuieleza kwa mtu.

Wengi hutuambia, "Sisi tunaaminiana." Tunajua. Lakini laini ya kikundi humlinda mweka hazina mwaminifu kuliko mtu mwingine yeyote. Akipatwa na jambo, Mungu aepushe, pesa za kikundi zikiwa kwa laini yake zinakuwa mali ya marehemu, na mnaanza kuzitafuta pamoja na familia iliyo matangani. Tumewahi kushughulikia kesi za namna hiyo. Hazifurahishi.

Kisha kuna tabia ya kutoa pesa taslimu. Shirika linapokea 600,000 za kuwagawia wafanyabiashara 40, kila mmoja 15,000. Mtu anatoa zote kwa siku mbili tatu, anaziweka kwa mkoba, anaenda kuzigawa uwanjani, watu wanatia sahihi kwenye orodha. Kwa macho ya mkaguzi, njia ya hizo pesa ilikatika pale kwa wakala. Sahihi 40 zinazofanana na mwandiko wa mtu mmoja hazimsaidii. Na sijataja barabara na mkoba wenye laki sita.

Tuma kwa simu. Kwa watu 40 huna haja ya kutuma mmoja mmoja hadi kidole kiume. Akaunti ya biashara inaweza kuwalipa wengi kwa mpigo kutoka kwenye orodha moja, mmoja akiandaa na mwingine akiidhinisha. Siku moja kabla, pigieni simu kila nambari kwenye orodha. Tarakimu moja ikikosewa pesa zinaenda kwa mgeni huko Busia, na kuzirudisha si jambo la dakika moja, hasa kama ameshazitumia.

Wekeni bajeti ya ada. Hili wengi hulisahau kabisa. Kama mkataba unasema mfanyabiashara atapokea 10,000 awamu ya kwanza na 5,000 ya pili, basi ada ya kutuma haiwezi kukatwa humo, na ya kutoa mnapaswa kuamua mapema ni ya nani. Zidisha ada kwa watu 40 na kwa awamu mbili, uandike mstari wake kwenye bajeti: "ada za miamala". Mfadhili hatakasirika. Atakasirika akikuta mmekata kimya kimya.

Laini iwe ya mwenyewe

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo kuna hatari kubwa kuliko zote.

GiveDirectly ni shirika linalotuma pesa taslimu kwa familia maskini kupitia simu, na Kenya ndiyo ilikuwa moja ya nchi zake za kwanza. Lina uzoefu na lina wakaguzi. Hata hivyo mwaka 2023 lilitangaza lenyewe kwamba takriban dola 900,000 ziliibwa katika mradi wake wa Kivu Kusini, Congo, mwaka uliotangulia, na baadhi ya wafanyakazi wake walihusika. Mlango ulikuwa nini? Kwa sababu eneo lilikuwa gumu kufikika, waliruhusu wafanyakazi wa shirika wasajili laini za wapokeaji, kazi ambayo kwa kawaida huachiwa kampuni ya simu. Wengine wakajikuta na laini za watu mikononi mwao.

Sifa moja niwape: walisema wenyewe. Wengi wangenyamaza.

Ukirudi kwetu, hali hiyo ipo kwa sura ndogo ndogo. Mama hana simu, kwa hivyo pesa zake zinapitia kwa nambari ya bwana yake. Mzee hawezi kusoma ujumbe, kwa hivyo afisa wa nyanjani anamshikia nambari ya siri "kwa muda". Kijana hana kitambulisho bado, kwa hivyo anatumia laini ya binamu. Kila moja ina sababu yake na kila moja ina huruma ndani yake, lakini zote zinafanya jina kwenye orodha na mkono unaopokea kuwa vitu viwili tofauti. Afadhali kuchelewa wiki mbili mkimsaidia mama asajili laini yake mwenyewe kwa kitambulisho chake, na mumfundishe kusoma salio na kuchagua nambari ya siri asiyoijua mtu. Na huyo afisa wa nyanjani, hata akiwa mchungaji, asiijue.

Orodha hiyo yenye majina, vitambulisho na nambari za simu nayo ichungwe. Kuitupa kwenye kundi la WhatsApp la watu 80 ili "kila mtu ahakikishe jina lake" ni kuwapa matapeli chakula, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawabana nyinyi mnaoikusanya.

Na anayeuza bila risiti?

Swali hili huja kila mafunzo. Biashara ndogo hununua Gikomba, Kongowea, Marikiti, kwa watu ambao hawajawahi kuandika risiti maishani. Mkaguzi anataka ushahidi, muuzaji wa nyanya anataka uondoke foleni iendelee. Lipa kwa simu au kwa till yake, halafu siku hiyo hiyo andika kwenye daftari msimbo wa muamala, jina lililotokea, na ulinunua nini. Kreti mbili za nyanya, basi. Kama lazima ulipe taslimu, muuzaji atie sahihi kwenye vocha ndogo yenye nambari yake ya simu ili mtu aweze kumpigia. Zile risiti za mashine zipige picha mara moja. Baada ya miezi sita wino wake unakuwa umepotea na unabaki na karatasi nyeupe.

Mfadhili mmoja si mfadhili

Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika Julai shirika la USAID likawa limefungwa. Hapa Kenya kuna mashirika yaliyoamka asubuhi yakiwa hayana mshahara wa mwezi, na wafanyabiashara waliokuwa wakingoja awamu ya pili wakabaki wakingoja. Kosa halikuwa lao. Ila waliokuwa na akiba ya wanachama, ada ndogo za mafunzo, au mfadhili wa pili wa hapa nyumbani, waliyumba bila kuanguka. Wafadhili wa hapa wapo: KCDF, kwa mfano, imekuwa ikifadhili mashirika ya kijamii ya Kenya tangu miaka ya 1990.

Ombeni pia pesa za uendeshaji bila aibu. Mshauri anayepanda bodaboda kwenda kuwaona wafanyabiashara 40 ndiye anayefanya mtaji usiliwe, na bodaboda haipandwi bure. Bajeti yenye mtaji pekee, bila mshahara wa huyo mtu wala hata data za simu, inaonekana nafuu kwenye karatasi na inakufa mwezi wa nne.

Ukiambiwa utume kwanza

Ujumbe unaingia: umechaguliwa kupata ruzuku ya biashara ya 150,000, tuma 1,500 za usajili ndani ya saa mbili. Au anapiga mtu mwenye sauti ya ofisi, anajua jina lako na la kikundi, anaomba nambari ya siri "athibitishe akaunti". Mfadhili wa kweli hakuombi utume pesa ili upokee pesa. Haombi nambari ya siri. Sisi pia hatuiombi, hata siku moja, hata tukikupigia sisi wenyewe. Ukishatuma kwa bahati mbaya, tupigie papo hapo, kabla hujamwambia jirani, maana dakika tano za kwanza ndizo zenye nafasi ya kuokoa kitu. Kisha piga ripoti polisi.

Yule mama wa tokeni za stima? Kikundi chake kilifungua till mwezi uliofuata. Juzi alitupigia tena, na swali lilikuwa jingine: wamefanya uchaguzi, yeye amestaafu uweka hazina, sasa laini wanaibadilishaje?

Jibu lake ndilo lenu pia. Leteni kumbukumbu za mkutano uliofanya uchaguzi zikiwa na sahihi, nakala ya cheti cha kikundi, na vitambulisho vya afisa anayetoka na anayeingia, wote wawili wakiwepo ikiwezekana. Nambari ya siri ibadilishwe siku hiyo hiyo. Mama akauliza kama hiyo inamaanisha hata yeye hataweza tena kuona salio.

"Ndiyo, mama. Hata wewe."

"Sawa," akasema. "Hiyo ndiyo nilikuwa nataka kusikia."